Zimeni Sauti: Uzuri na Kasoro za The Dark Crystal

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi jioni mbele ya vijana wanaojifunza uigizaji wa vikaragosi na utengenezaji wa filamu, mara tu tulipomaliza kuitazama The Dark Crystal, filamu ya njozi ya mwaka 1982 iliyochezwa kwa vikaragosi. Baadhi yenu mliniomba maandishi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kuvumilia viti vya mbao kwa dakika 93.

Niwaambie kwanza nilichokifanya jioni hii. Filamu hii nimeiona mara nyingi, kwa hiyo leo sikuitazama. Niligeuza kiti nikawatazama nyinyi. Nilitaka kujua wapi itawashika na wapi itawaachia. Pale mfalme wa Skeksis, wale watawala waovu wa hadithi, alipokuwa anakata roho kitandani, ukumbi wote ulitulia. Kuna kijana hapa mbele alikuwa na kashata mkononi, ikabaki njiani kati ya sahani na mdomo. Lakini kila sauti ya msimulizi iliporudi kutueleza nani ni nani, na kila Jen, kijana shujaa aliyetumwa kuiponya fuwele iliyopasuka, alipoanza kujisemea peke yake njiani, niliona simu zikiwaka. Moja, mbili, tano. Simlaumu mtu. Mlikuwa mnaihakiki filamu bila kujijua, na mlikuwa mnaihakiki sawasawa.

Ndilo nililokuja kulisema. The Dark Crystal ilijengwa isimuliwe kwa mwili: kwa mikono, migongo, shingo na pumzi. Palipoachwa hivyo, hakuna filamu ya njozi ninayoipenda kuizidi hii. Kisha watu wakaingiwa na hofu kwamba hatutaelewa, wakaijaza maneno. Uzuri wake mkubwa na kasoro zake nyingi zinakutana hapo.

Mimi niliiona mara ya kwanza Tanga, mwaka 1988, nikiwa na miaka tisa. Mjomba alikuwa amerudi kutoka Maskati na deki ya video na sanduku la kanda, nyingi za Kihindi, chache za Kizungu. Jioni deki ikiwashwa, nusu ya mtaa inaingia sebuleni kwetu: watoto mkekani, wakubwa vitini, waliokosa nafasi dirishani. Kanda hii haikuwa na jina, karatasi yake ilikuwa imebanduka. Tuliambiwa tu kwamba ni "ile ya mashetani".

Bibi yangu alikuwa hajui Kiingereza hata neno moja. Alikuwa akikaa pembeni anasuka ukili, macho yanakwenda kwenye televisheni na kurudi mkononi. Skeksis walipotokea, ukili aliuweka chini. Mfalme amelala, amekauka kama pweza aliyeanikwa. Wenzake wamemzunguka na majoho yao mazito, na hakuna anayelia. Mkono unanyooshwa taratibu kuielekea fimbo ya enzi. Mfalme anafumbua macho ghafla, anaing'ang'ania fimbo yake. Halafu uso wake unaanza kumeguka, vipande kwa vipande, kama udongo wa ukuta mkavu. Bibi akasema, "Hawa wanangoja urithi."

Akawa ameimaliza habari yote ya jumba lile. Alipotokea yule anayejikomba kwa kila mtu huku akiguna "mmmh, mmmh" puani, akasema, "Na huyu ndiye mchongezi wao." Ndiye kweli. Filamu inamwita Chamberlain, yaani msimamizi wa jumba la mfalme, na kazi yake kubwa ni fitina. Aliyekuwa ndani ya kikaragosi kile, akikitikisa shingo na kukikunja mabega, ni Frank Oz, aliyeiongoza filamu hii pamoja na Jim Henson. Mkono wa mtu mmoja, uliofichwa ndani ya sponji na kitambaa, ulimfikishia bibi kizee wa Tanga habari ya mchongezi bila mkalimani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hivyo ndivyo Jim Henson alivyotaka. Nilikaa na habari hiyo siku nzima.

Sasa niwaeleze kidogo filamu ilivyozaliwa, kwa sababu chanzo chake kinaeleza matatizo yake. Henson, Mmarekani ambaye dunia ilikuwa imeshamjua kwa Muppets, vikaragosi vyake vya kuchekesha vya televisheni, aliona katika chapa ya mwaka 1975 ya mashairi ya Lewis Carroll mchoro wa Leonard Lubin: mamba wanaoishi katika jumba la kifahari, wamevaa mavazi ya kitajiri. Mchoro ule haukumtoka. Februari 1978 dhoruba ya theluji ikamkwamisha yeye na binti yake Cheryl katika hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Kennedy, New York, na humo ndimo alimouandika muhtasari wa hadithi. Akamchukua mchoraji Mwingereza, Brian Froud, akafungua karakana Hampstead, London, na kwa miaka kadhaa watu wakawa wanachora, wanachonga, wanashona, wanatupa, wanaanza tena. Zingatieni mpangilio huo. Ulimwengu ulikuja kwanza, na mhusika mkuu akaja baadaye kuutembelea. Ukiitazama filamu kwa makini utaona Jen ni mgeni hata kwa waliomtengeneza.

Lakini ulimwengu wenyewe! Nani kati yenu aliangalia mimea? Rudini muangalie. Hakuna kona ya msitu ule iliyokufa. Jiwe linafumbua jicho, uyoga unavuta pumzi, kitu kama ua kinakimeza kitu kama panzi, kisha kamera inapita bila kutuonyesha kidole. Aliyeshika kamera ni Oswald Morris, mkongwe wa Uingereza, na hii ilikuwa filamu yake ya mwisho. Hakuna binadamu hata mmoja anayeonekana uso wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1981, walipokuwa wanapiga picha katika studio za Elstree, hapakuwa na kompyuta ya kuwasaidia. Kila mnachokiona kilikuwa na uzito, na mtu alikibeba.

Naomba tufanye jambo. Inueni mkono wa kulia, nyote, na wazee pia mkiweza. Kiwiko juu, kiganja juu ya kichwa, vidole vifumbe na kufumbua kama mdomo. Hivyo hivyo. Msishushe, mimi nitaendelea kusema.

Hivyo ndivyo mchezaji wa Skeksis alivyokaa ndani ya kikaragosi. Mkono mmoja ndio shingo na kichwa. Haoni nje, kifuani amefungiwa televisheni ndogo inayomwonyesha kile kamera inachokiona. Wenzake wengine wanavuta waya za macho na nyusi na vidole. Wale wazee wapole wa bondeni, urRu, wenye mikono minne, walichezwa na watu waliochuchumaa na kuinama kwa pamoja, kiuno chini, mgongo umebeba mzigo, na hapo watembee polepole kwa heshima kama kwamba hawana maumivu. Garthim, wale wadudu weusi wakubwa wanaovunja nyumba za watu, vazi lake moja lilikuwa na uzito wa kilo 30 na ushei. Kila baada ya dakika chache wachezaji walitundikwa kwenye vyuma wakiwa bado ndani ya magamba yao, wapumzike, kisha warudishwe chini. Wale wanyama warefu waliowabeba Jen na mwenzake Kira mgongoni walichezwa na watu waliosimama juu ya milonjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, na wakakimbia nayo. Kuwafundisha watu wote hawa namna ya kutembea, kila aina ya kiumbe na mwendo wake, aliletwa Jean-Pierre Amiel, Mswisi, bingwa wa uigizaji usio na maneno.

Shusheni.

Mmeona? Hiyo haikufika dakika mbili, na nimesikia mmoja wenu akiguna. Kumbukeni guno hilo mnapoona Skeksis anahema.

Kuna jina moja nataka mliondoke nalo, hasa nyinyi mliotoka Kenya. Kiran Shah. Amezaliwa Nairobi mwaka 1956, akaishi India, kisha Uingereza. Ni mtu mfupi sana. Guinness wamemwandika kuwa mchezaji wa matukio ya hatari aliye mfupi kuliko wote, sentimita 126.3. Kikaragosi cha mkono hakiwezi kukimbia, hakiwezi kupanda jabali kikaonekana mwili mzima. Pale ilipohitajika hivyo, alikuwa mmoja wa walioingia ndani ya miili ile: ya Jen, ya Kira, na ya Aughra, yule mama mwenye jicho moja la kuchomoa. Baadaye alisimama badala ya Frodo katika filamu za The Lord of the Rings, ili mhusika aonekane mdogo mbele ya watu wazima. Mmetazama miguu yake jioni hii bila kujua. Na muziki mliousikia, uliopigwa na London Symphony Orchestra, umetungwa na Trevor Jones, mzaliwa wa Cape Town. Nayasema haya kwa sababu vijana wengi huniambia kazi hii ni ya "huko". Walioifanya huko walitoka sehemu nyingi, na wawili hawa walizaliwa katika bara letu.

Haya, maneno.

Skeksis hawakukusudiwa kusema Kiingereza. Walitungiwa lugha yao, na filamu ikapigwa hivyo. Henson aliamini kwamba ukiona viumbe wanagombea fimbo ya mfalme aliyekufa, huhitaji tafsiri. Kisha filamu ikaonyeshwa kwa majaribio, na watazamaji wakatoka wamechanganyikiwa na wamenuna. Ikabidi David Odell, mwandishi wake, aandike mazungumzo mapya ya Kiingereza yatakayokaa juu ya midomo iliyokwisha kufumba na kufumbua kwa lugha nyingine. Fikirieni kazi hiyo. Anatafuta neno ambalo maana yake inafaa, na pia idadi ya mifumbo ya mdomo inafaa. Nyingine zimekaa vizuri ajabu. Nyingine mnazisikia wenyewe: Skeksis anasema neno ambalo mwili wake umeshalisema sekunde tatu zilizopita.

Hata hivyo sitawakejeli waliofanya uamuzi ule. Filamu ilikuwa imemeza fedha nyingi. Kampuni iliyoigharimia ilikuwa imebadilisha mikono, mmiliki mpya hakuwa na imani nayo, na Henson mwishowe aliinunua kwa fedha zake mwenyewe ili itoke. Mtu aliyeweka mali yake yote rehani ya ndoto, akaona watu wanatoka ukumbini na nyuso za kutoelewa, ataogopa. Mimi ningeogopa. Lakini hofu hiyo imebaki ndani ya filamu, na sisi tulio wa kazi hii tuna haki ya kuionyesha ilipo.

Ushahidi wangu ni Podling. Wale watu wadogo, wakulima, wenye vichwa kama viazi. Wao lugha yao iliachwa, lugha iliyofinyangwa kutokana na Kiserbia-Kikroatia. Kira anatafsiri kidogo tu hapa na pale. Na je, kuna mtu humu ndani ambaye hakuielewa karamu yao? Wanakula, wanapiga ala, wanacheza, kuna anayemsukuma mwenzake apate nafasi ya kucheza, mama mmoja anambana mtoto. Halafu ukuta unavunjwa, Garthim wanaingia. Mlishtuka wote; nilikuwa nawatazama. Hamkuhitaji sauti ya mzee kutoka juu kuwaambia kwamba furaha imevunjwa.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na kutafsiri. Wengi wetu filamu za nje tulizijua kwa sauti ya Lufufu, marehemu Derek Mukandala, aliyekuwa anaingiza Kiswahili chake juu ya kanda kwa ajili ya vibanda vya video, na ndugu zetu wa Kenya wana DJ Afro wao. Lakini Lufufu alikuwa anaongea na watu anaowajua. Alijua lini waongezewe kitu na lini waachwe watazame ngumi. Msimulizi wa The Dark Crystal haongei na mtu. Anasoma taarifa. Dakika za mwanzo anatuambia juu ya jiwe la fuwele lililopasuka miaka elfu moja iliyopita, juu ya mataifa mawili yaliyotokea siku ile, juu ya Skeksis kumi waliobaki na urRu kumi waliobaki, na yote hayo tunayaona mbele yetu kama angetupa nafasi.

Na jambo kubwa kuliko yote ya hadithi hii, namshukuru Mungu, hawakulieleza mapema. Angalieni. Mfalme wa Skeksis anapokufa, wakati ule ule bondeni mzee mkuu wa urRu anatoweka. Baadaye Jen anamchoma Chamberlain mkononi kwa kipande cha fuwele. Kamera inakwenda kwa urRu walio safarini, maili nyingi kutoka pale, na mkono wa mmoja wao una jeraha. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna anayeuliza. Mzee anautazama tu mkono wake na safari inaendelea. Halafu yule Skeksis mwanasayansi anatumbukia kwenye shimo la moto, na huku njiani mwenzake anawaka na kuisha. Bibi yangu, mkono ule ulipochomwa, alisema "Ah!" akashika wake. Kwamba mwovu na mwema ni mtu mmoja aliyepasuliwa katikati, na kwamba ukimuua mmoja umewaua wawili, mimi nililijua hilo nikiwa na miaka tisa, mwilini, kabla sijapata maneno ya kulisema. Filamu ikiwa na dakika tatu za namna hiyo, naisamehe makosa mengi.

Lakini siyo yote.

Jen. Bibi alipomwona Jen aliuliza, "Na huyu mtoto, anaumwa?" Tulicheka, ila alikuwa anauliza kweli. Uso wa Jen haufanyi kazi. Skeksis ni rahisi kuaminika kwa kuwa hatujawahi kukutana na mmoja. Pua yake ikikunjwa kidogo tu, akili yetu inamalizia. Gelfling, yaani kabila la Jen na Kira, wanafanana mno na sisi. Kila mmoja wetu amesoma nyuso za watoto tangu anyonyeshwe, na anajua shavu linavyopanda kicheko kinapokuja. Shavu la Jen halipandi. Waliomtengeneza walikuwa mafundi wakubwa. Wendy Froud, aliyewachonga Jen na Kira, ni miongoni mwa waliomtengeneza Yoda, yule kikaragosi wa filamu za Star Wars. Jen mwenyewe alichezwa na Henson kwa mkono wake. Ustadi haukupungua. Kilichozidi ni ugumu wa walichokijaribu: sura karibu ya binadamu, kwa waya na mpira wa mwaka 1981. Na kwa kuwa uso haukutosha, wakampa Jen mawazo ya kusema kwa sauti. "Nifanye nini sasa?" "Niende wapi?" Maneno yakawekwa kama kiraka juu ya uso. Ningekuwa mimi, ningemgeuza mgongo. Mgongo wa kikaragosi unaosita mbele ya njia panda unasema zaidi ya uso wake. Nyinyi wanafunzi wangu mnajua nawasumbua kila siku kuhusu migongo. Sasa mmejua nilikoitoa habari hiyo.

Kira ana nafuu, kwa sababu ana kazi za kufanya. Anaita wanyama, anajua mito, anazungumza na Podling, ndiye anayejua usafiri. Karibu kila mara Jen anapokwama, Kira ndiye anayemtoa. Swali ambalo binti mmoja alinitumia kwa karatasi wakati filamu inaendelea, "Mbona shujaa si Kira?", ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa, na sina utetezi. Hata mabawa yake yanatokea pale pale yanapohitajika, wakiwa wanaanguka gengeni. Jen anashangaa kwamba yeye hana, na Kira anamjibu kwamba bila shaka hana, yeye ni mvulana. Mlicheka, nami nacheka kila mara, lakini ukichekesha watu ili wasiulize kwa nini hukuwaonyesha mabawa mapema, umewakopa.

Na kuna deni kubwa zaidi, mwishoni. Hapa nasema kama mtu aliyeudhika, na nimeudhika kwa miaka mingi. Mmeona walichofanyiwa Podling katika jumba lile. Wanafungwa kitini, wanalazimishwa kutazama mwanga wa fuwele, uhai wao unanyonywa ukawa maji ya kunywa ya mfalme mpya, apate ujana wa dakika chache. Macho yao yanabaki meupe. Wanatembea jumbani wakihudumia meza za waliowanyonya. Hakuna taswira ya utumwa katika filamu ya watoto iliyo wazi kuliko hiyo. Na Gelfling wamechinjwa wote, wamebaki wawili. Kisha fuwele inaponywa, Skeksis na urRu wanaungana wakawa viumbe wa nuru, warefu, wazuri, wenye sauti tulivu, wakamfufua Kira, wakaaga, wakaondoka. Wameiacha dunia kwa vijana wawili waitengeneze. Nani anajibu kwa ajili ya Podling? Walionyonya wamo ndani ya nuru ile ile inayoaga kwa upole. Kama tumefundishwa kwamba mwovu na mwema ni mtu mmoja, basi mtu huyo mmoja, alipokuwa mzima tena, alitakiwa ainame japo mara moja mbele ya mtu mdogo mwenye macho meupe. Kiungo kimoja cha mwili, goti. Kikaragosi kinaweza kupiga goti! Hawakumpa nafasi.

Na Kira kufufuliwa, mimi silipendi. Alijitupia hatari akijua anachofanya, alikirusha kile kipande cha fuwele kwa Jen huku wamemzunguka. Kifo chake kilikuwa na uzito. Kimerudishwa kama chenji.

Ilipotoka Desemba 1982, filamu ya E.T. ilikuwa imewajaza watu mapenzi ya kiumbe mmoja mpole kutoka angani, na wazazi waliojua jina la Henson walitarajia chura wa kijani wa Muppets na nyimbo. Wakakuta jumba la maiti. Haikuanguka kabisa; Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 40, ikapata tuzo ya Saturn ya filamu bora ya njozi. Lakini kwa gharama na kwa matumaini yale, ilionekana imeshindwa, na ilimuumiza Henson. Alifariki Mei 1990, ana miaka 53. Watu wake halisi ilikuja kuwapata majumbani, kwa kanda, kama ilivyotupata sisi mkekani. Watoto wale walikua. Brian na Wendy Froud, waliokutana katika kazi hii, walioana. Mtoto wao Toby akaja kuwa msimamizi wa usanifu katika mfululizo wa mwaka 2019 wa Netflix, uliorudi katika ulimwengu ule ule kwa vikaragosi vya mkono. Ule nao ulipata Emmy na ukakatishwa baada ya msimu mmoja. Nyuso za Gelfling humo zina uhai zaidi. Nikauona nikafurahi, na bado, nikifumba macho, ninayemwona ni yule mfalme wa kwanza na fimbo yake.

Nimesema ya kutosha kwa mtu anayelalamikia maneno. Fundi, nakuomba urudishe nyuma hadi pale Skeksis wanapokizunguka kitanda. Zima sauti yote. Nitaukosa muziki wa Trevor Jones, lakini zima. Tutaendelea kutoka hapo, mfalme anakufa, wanakaziana macho, yule mchongezi anadai kiti, wanapiga jiwe kwa mapanga kwa zamu, anashindwa, wanamvua majoho yake moja moja mpaka abaki ule mwili mkavu, wanamfukuza. Kila mmoja wenu achague Skeksis mmoja na asimwachie. Atazame mkono wake wa kushoto tu. Baadaye mtaniambia kila mmoja alikuwa anataka nini.

Wazee, mkitaka kuondoka mna ruhusa. Wa mlangoni, punguzeni taa.